Siku Dorah Alipokimbia

Kabla Evelina hajajua kusoma, watu wa mtaa wao pale Masumbwe walimwita mama yake Mama Evelina. Ndiyo desturi: mtoto wa kwanza ndiye anayempa mama jina. Kisha akazaliwa Dorah, na Dorah akawa mtoto wa kuumwa. Alianza kuvimba vidole akiwa bado ananyonya, macho yakawa ya manjano, na mama akawa mtu wa kulala wodini kuliko nyumbani kwake. Manesi, waliomjua kwa mtoto aliyembeba mgongoni, wakamwita Mama Dorah. Jina hilo likatoka naye hospitali, likafika sokoni, likaingia mpaka kanisani, na siku moja Evelina akamsikia baba yake mwenyewe, Donatus, aliyekuwa amerudi kutoka machimboni Nyarugusu, akiita kutoka uani: Mama Dorah, niletee maji ya kunawa. Hakuna aliyeona kwamba kuna kitu kimeibwa. Evelina aliona.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa selimundu. Chembe za damu za Dorah, badala ya kuwa mviringo na laini, zilipinda kama mundu wa kuvunia mpunga, zikanasa kwenye mishipa midogo, na zikinasa, mifupa inauma maumivu ya kumliza hata mtu mzima. Evelina aliyajua hayo. Lakini kujua hakukumzuia kuona yai la kuchemsha likiwekwa kila asubuhi mbele ya Dorah, na kikombe cha maziwa, na siku za gulio kipande cha maini. Yeye alipewa uji na ndoo. Dorah alipandishwa bodaboda kwenda shule. Evelina alikwenda kwa miguu, tena mbio, kwa sababu alipaswa kuchota maji kwanza. Akinung'unika, mama alikuwa na neno moja tu: wewe una afya yako, mshukuru Mungu. Neno hilo lilimuuma kuliko kofi. Ilikuwa kana kwamba afya ni shamba alilorithi peke yake, kwa hiyo kila kitu kingine agawiwe mwenzake. Kuna nyakati, Mungu amsamehe, alilala akiomba aamke na homa.

Alipoingia Kidato cha Tatu, shuleni kwao akaletwa Mwalimu Marwa, kijana mrefu kutoka Tarime, wa Baiolojia na michezo. Marwa hakuweza kukaa kitako. Wiki ya kwanza aliwatoa wanafunzi nyuma ya shule, kwenye mashimo yaliyoachwa na watu waliowahi kutafuta dhahabu hapo, akawaonyesha viluwiluwi vya mbu vikicheza ndani ya maji, kisha akawagawia majembe wafukie. Akafundisha kutengeneza kibuyu chirizi kwa dumu na kamba, kikatundikwa nje ya kila choo, na sabuni ikafungwa kando yake. Waliokuwa wakilima majaruba ya mpunga aliwaeleza namna kichocho kinavyopenya ngozi ya mtu anayesimama majini. Na alfajiri, kabla ya kengele, shule nzima ikawa inapiga mchakamchaka hadi barabara ya lami na kurudi.

Somo lake la chakula ndilo lililomgusa Evelina. Marwa hakuandika makundi ya vyakula ubaoni ili wayanakili. Aliwauliza mmoja mmoja wamekula nini tangu jana, akasikiliza bila kucheka, na ikaonekana kwamba wengi walikuwa wamekuja na tumbo tupu, wakijaza njaa kwa barafu na soda za rangi zinazouzwa getini. Aliwaambia kuwa nyumbani kwao kuna karanga, kuna dagaa, kuna mchicha, na mapapai yanaozea chini ya miti. Hakuna haja ya kusubiri utajiri ili mtu ale vizuri. Evelina akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na mtu asiyeumwa, naye anahitaji mayai?"

Darasa likacheka. Marwa hakucheka.

"Mwili unaokua na kufanya kazi unahitaji kujengwa," alisema. "Chakula kizuri si zawadi ya mgonjwa, Evelina. Ni haki ya kila anayekua."

Evelina alirudi nyumbani na maneno hayo kifuani, akayarudia njia nzima, lakini mbele ya mama yalimkwama. Hata hivyo hakujisikia mnyonge tena. Marwa aliunda kundi la afya la shule, na alipoona msichana huyo anavyokimbia, na asivyokosa kipindi, akamfanya kiongozi wake. Kwa mara ya kwanza tangu Dorah azaliwe, Evelina alikuwa na kitu ambamo mdogo wake hakuwemo. Dorah, aliyekuwa ameingia Kidato cha Kwanza mwaka huohuo, alikuwa amelazwa Kahama tangu muhula uanze.

Akapona, akarudi, na juma lilelile akaja kwenye kundi la afya.

Evelina alipomwona mlangoni alihisi kama mtu kammwagia maji baridi mgongoni. Dorah alikuwa mwembamba, mdogo kuliko umri wake, na ana ulimi mwepesi wa mtu aliyekua kati ya watu wazima. Siku hiyohiyo Marwa aliuliza kwa nini damu ni nyekundu na inabeba nini. Wengine wakatazamana. Dorah akasimama, akaeleza kuhusu chembe nyekundu na hewa ya oksijeni, kuhusu uboho unaozitengeneza, na jinsi zinavyokufa na kuzaliwa upya, kana kwamba anaeleza habari za ukoo wake. Marwa alibaki ameshika chaki. Mwisho wa kipindi akatangaza kuwa Siku ya Afya, mbele ya wazazi na wageni, hotuba itasomwa na Dorah.

Hotuba hiyo Evelina alikuwa ameshaanza kuitunga kichwani.

Marwa hakujua kuwa Dorah ni mgonjwa. Matroni aliyekuwa na habari zake alikuwa amehamishwa, na mkuu wa shule, aliyeelezwa na mama siku ya kuandikisha, alikuwa na mengi ya kukumbuka. Jioni, wakirudi nyumbani, Dorah alimshika dada yake mkono.

"Dada, usimwambie Mwalimu Marwa. Nataka angalau mtu mmoja anione hivi nilivyo."

Evelina akauliza itakuwaje na mbio, maana Siku ya Afya kundi zima lilitakiwa kukimbia. Dorah akasema atakimbia polepole, anajua mwili wake, na mama asiambiwe. Evelina akakubali. Alijua wajibu wa mkubwa ni upi. Lakini ndani yake kulikuwa na kijiba cha moyo kinachonong'ona: mwache. Mwache akimbie na wewe, watu waone nani ni nani. Kwenye karatasi za hospitali yeye ni wa kwanza, mezani ni wa kwanza, sasa na hotuba ni yake. Barabarani hawezi kuwa wa kwanza.

Siku mbili kabla ya sherehe Marwa alimwita Evelina kando ya uwanja. Alitaka kuwa na uhakika, alisema, kwa sababu kukimbiza watoto wa watu si mchezo.

"Katika kundi lako kuna yeyote mwenye tatizo? Pumu, moyo, chochote?"

"Hakuna, mwalimu," Evelina akajibu, na akashangaa jinsi lilivyotoka kirahisi.

Siku ya Afya kulikucha na manyunyu. Baridi ile inayoshuka Masumbwe baada ya mvua ya usiku ilikuwa imekaa juu ya mashamba, na wanafunzi walisimama mstarini wakijikumbatia. Mama alikuwa amemvisha Dorah sweta, akimwambia hotuba aisome akiwa ndani ya ukumbi. Dorah alilivua nyuma ya darasa na kuliacha dirishani. Mama mwenyewe angekuja baadaye, akishauza nyanya zake gulioni. Filimbi ikapulizwa.

Evelina alitoka kama aliyefunguliwa kamba. Hakuwaangalia wavulana, hakuangalia wageni. Kilichokuwa mbele yake ni lami tu inayong'aa kwa maji, na pumzi yake ilipanda na kushuka bila kukwama. Alipogeuka kurudi shuleni alikutana na wenzake wakija upande wa pili, na katikati yao akamwona Dorah. Midomo ilikuwa imepauka, lakini alikuwa anacheka. Wanawake waliokuwa wakienda gulioni walisimama kando ya barabara wakimpigia makofi yule mdogo mwembamba anayejitahidi. Kwake Evelina, aliyekuwa akiongoza, hakuna aliyepiga kofi. Ndugu hao wakatazamana, Dorah akainua mkono. Evelina aliona jinsi mkono ule ulivyotetemeka. Aliona, akapita.

Alikuwa anaukaribia uwanja wa shule aliposikia kelele nyuma. Sauti ya msichana ilikuwa inaita jina la Dorah, kisha sauti nyingi. Miguu ya Evelina ilitaka kusimama; yeye akaikataza. Utepe ulikuwa pale mbele, umeshikwa na walimu wawili, na maisha yake yote hajawahi kukata utepe. Akaongeza mwendo, akaukata kwa kifua, akainua mikono. Alipofumbua macho, wale walimu walikuwa wameuachia utepe matopeni na wanakimbia kuelekea barabarani, na wageni nyuma yao. Akabaki peke yake uwanjani. Jambo la kwanza alilohisi, kabla ya hofu, lilikuwa wivu. Hata leo. Hata siku hii amenichukulia.

Hofu ikaja baadaye kidogo, naye akaanza kukimbia upya kuwafuata.

Dorah alilazwa kituo cha afya. Maumivu yalikuwa yameshika kifua na mapaja, na alikuwa akipumua kwa kuiba. Walimwekea dripu, wakampa dawa ya maumivu, wakamfunika mablanketi. Nesi aliyempokea alikuwa Sista Sesilia, mama wa makamo aliyemjua Dorah tangu utotoni. Alimtazama Marwa aliyelowa matope mpaka magotini na kumuuliza ni nani aliyemruhusu mtoto wa selimundu kushindana mbio kwenye baridi bila maji. Marwa alijibu kuwa hakujua. Akamgeukia Evelina, akamtazama, kisha akainamisha kichwa na hakusema zaidi. Evelina angependa amseme. Ukimya ule ulimvua nguo.

Mama alipofika hakulia. Alipita katikati yao akaenda kukaa kitandani, akaweka kichwa cha Dorah kwenye paja lake. Jioni, alipotoka kwenda kununua uji, alimwachia Evelina zamu. Dorah alikuwa ametulia kidogo. Evelina alikaa kwenye kiti cha plastiki, akitazama matone ya dripu, hajui aanzie wapi. Dorah ndiye aliyeanza.

"Ulishinda?"

"Nilishinda."

"Nilijua. Nilipokuona unageuka nilikuchukia." Dorah alisema hivyo taratibu, bila ubaya. "Kila siku huwa nakuchukia. Ukitoka na ndoo kichwani, unaimba, mimi niko dirishani na yai langu. Unafikiri yai lile ni tamu? Nikilila, mama ananitazama kama mtu anayeniaga."

Evelina alitaka kucheka, akashindwa. Alitaka kulia, nako kukamshinda. Miaka yote alikuwa amesimama upande mmoja wa ukuta akiamini kuwa upande wa pili kuna karamu. Akamwambia mdogo wake kwamba Mwalimu Marwa alimuuliza, na yeye akasema hakuna mgonjwa. Dorah akafumba macho. Akasema asijali, atawaambia wote kuwa yeye ndiye aliyemkataza dada yake kusema, na hilo ni kweli, na mgonjwa hagombezwi.

Ajabu ni kwamba wema huo ulimchoma Evelina kuliko lawama. Hata kosa lake mwenyewe Dorah alitaka kulibeba. Hili, aliwaza, angalau ni langu.

Asubuhi iliyofuata mkuu wa shule alimwita mama ofisini, na Marwa, na Evelina akiwa shahidi. Mkuu alikuwa mtu mpole aliyeogopa barua kutoka wilayani. Alisema mambo ya mbio yamekwisha, kundi la afya litavunjwa, na Mwalimu Marwa atajieleza kwa maandishi kwa nini alihatarisha maisha ya mwanafunzi. Mama alisema hataki maandishi, anataka mwalimu huyo aondoke. Marwa alikubali kuwa kosa ni lake. Alipaswa kuwauliza wazazi, si watoto. Alisema hivyo akiangalia sakafu, na hapo Evelina akaona jinsi mambo yatakavyokwisha: mashimo yatajaa maji tena, vibuyu vitakauka, na yeye atarudi kuwa msichana wa ndoo.

"Mwalimu aliniuliza kama kuna mgonjwa," alisema. "Nilimwambia hakuna. Nilijua."

Mkuu akauliza kwa nini. Evelina hakumjibu mkuu, alimtazama mama.

"Kwa sababu wewe ni Mama Dorah. Nilitaka siku moja tu uwe mama yangu, uje unione nikishinda. Na hukuja mpaka Dorah alipoanguka."

Mama alijifunga khanga yake upya, akainuka, akatoka bila kuaga. Kwa siku kadhaa hakusema na Evelina ila la lazima: funga kuku, zima jiko. Baba alipigiwa simu machimboni, akagomba sana, kisha simu ikakatika kwa kukosa mtandao. Evelina aliadhibiwa shuleni kwa kusafisha vyoo, akasafisha, na akajivua uongozi wa kundi mwenyewe kabla hajavuliwa.

Aliyeokoa kundi alikuwa Sista Sesilia. Alikuja shuleni bila kualikwa, akamwambia mkuu kwamba ukivunja kundi la afya kwa sababu mtoto ameugua, ni sawa na kufunga zahanati kwa sababu imejaa wagonjwa. Mkuu akaitisha kikao cha wazazi, na Sesilia akasimama mbele yao. Alieleza kuwa mwenye selimundu hakatazwi mazoezi. Anakatazwa kushindana mpaka achoke, kukaa na kiu, na kupigwa na baridi. Anywe maji mengi, ameze dawa zake za foliki za kusaidia damu, na nyingine alizoandikiwa, alale ndani ya chandarua maana malaria kwake ni adui mkubwa, na asikose kliniki. Juu ya chakula alisema wazi kwamba hakuna yai linalonyoosha chembe zilizopinda. Ale mlo kamili kama wenzake, na wenzake wale mlo kamili kama yeye. Tena wasichana wanaobeba maji na kulima nao wanapungukiwa damu bila mtu kujua. Mama alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Evelina, aliyekuwa akigawa maji ya kunywa, alimwona amejishika shavu.

Marwa alibaki, na onyo lake. Kuanzia hapo hakuna mtoto aliyekimbia kabla mzazi wake hajaulizwa, na njiani kuliwekwa madumu ya maji na mahali pa kupumzika. Dorah alipopona alitembea na kundi badala ya kukimbia, akaisoma hotuba yake hatimaye, na sifa zake zikafika mbali kiasi kwamba shule moja ya Segese ilimwomba aende akaisome huko. Evelina aliposikia, moyo ulimdunda vilevile kama zamani. Wivu haukuisha, isipokuwa sasa alikuwa na mtu wa kumwambia, na mtu huyo alikuwa Dorah, ambaye alimjibu kuwa naye bado anamchukia kila akisikia ndoo ikitua.

Katika kikao kile Sesilia alikuwa amesema jambo jingine: kwamba ndugu wa mgonjwa nao wapimwe. Mama alilibeba hilo kimya, na siku moja baada ya misa akamwambia Evelina wasirudi nyumbani kwanza. Wakaenda kituo cha afya wawili tu. Evelina hakukumbuka mara ya mwisho kwenda mahali popote na mama peke yake. Akachomwa kidole, tone la damu likachukuliwa, wakaambiwa wasubiri kwenye benchi.

Hapo ndipo mama alipomgeukia na kumtazama. Alimtazama uso, macho kama yana manjano, vidole kama vimevimba, akarudi usoni. Mkono wake ulikuwa umeukamata wa Evelina kwa nguvu mpaka mifupa inalia. Ndivyo alivyokuwa akimtazama Dorah. Evelina alijikuta amekaa wima, amebana pumzi, asikohoe, asijikune, asifanye lolote litakalomwongezea mama hofu. Alikumbuka maneno ya Dorah wodini, juu ya yai na macho ya mama, na akaelewa kwamba hakuwa ameyaelewa.

Sesilia akatoka. Alisema Evelina haumwi. Ila amebeba nusu ya jambo lile kwenye damu, kama mama alivyobeba na kama baba alivyobeba. Halitamwangusha, ila siku akitaka kuolewa, mchumba naye apimwe kwanza, wajue. Mama alishusha pumzi, akamshukuru sana, akamshukuru na Mungu.

Wakatoka nje kwenye jua. Mama hakuuachia mkono. Walipita mbele ya maduka, wakapita wauza michembe ya viazi vikavu, wakavuka barabara ya malori, msichana mkubwa wa Kidato cha Tatu ameshikwa mkono kama wa chekechea, na watu wakiwasalimia. Alikuwa ameutamani mkono huo miaka mingi. Sasa alitembea akitafuta namna ya kuutoa bila kumuumiza mwenye nao.

"Mama," alisema mwishowe, "niache nitangulie. Maji hayajachotwa."

Mama akamtazama tena, kisha akamwachia.

"Nenda taratibu, Evelina," alisema.

Evelina alikwenda taratibu mpaka kwenye kona, mahali ambapo mama asingemwona, ndipo akaanza kukimbia.